Mshiriki 0417 Hakujitoa

Profesa alikutwa Jumatatu asubuhi ndani ya chumba cha baridi cha kituo cha utafiti, amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni. Mtaalamu wa maabara alipouvuta mlango, maiti ilimwangukia miguuni, ngumu kama gogo. Ukelele alioupiga ulisikika mpaka getini.

Inspekta alifika baada ya nusu saa, sajini wake akiwa kuliani. Kila aliyefanya naye kazi alijua upande wa kusimama, kwani sikio lake la kushoto lilikufa siku bomu la machozi lilipomlipukia mwenzake mkononi. Ukimwita kutoka upande huo utaita mpaka ukome.

"Vifundo vya vidole vimechubuka vyote," alisema daktari wa polisi. "Aligonga mpaka akaishiwa nguvu. Hana jeraha jingine. Ameuawa na baridi, nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nakisia ni Ijumaa jioni."

"Kwani hakuna kitasa cha ndani?"

"Kipo, lakini kibovu," mtaalamu akadakia. "Mwezi wa nne huu. Tumeomba fundi weee, mpaka tumechoka! Ndiyo maana tunatumia kabari. Ukiingia unaisukumiza chini ya mlango, usijifunge. Hata wafagizi wanajua."

"Iko wapi?"

Mtaalamu akatazama sakafuni. Haikuwepo. Sajini aliikuta nje, juu ya rafu, nyuma ya boksi la glovu. Kabari haina miguu, aliwaza Inspekta. Kuna mtu aliinama akaitoa, halafu akaiweka pale kwa mkono wake.

Mchana, mochwari, mkono wa marehemu ulipolegea, daktari akaufumbua kidole kimoja kimoja. Ndani ya ngumi mlikuwa na kichupa cha damu. Kilibandikwa karatasi yenye nambari: 0417.

* * *

Naibu wa Profesa, daktari mnene mwenye miwani, aliwapokea ofisini huku akijifuta jasho.

"Mlikuwa mnagombana," Inspekta alianza bila salamu ndefu.

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu."

"Tuligombania jina la nani litangulie kwenye makala. Inspekta, wasomi hatuuani kwa hilo. Tunaandikiana barua pepe za matusi ya heshima, basi."

Sajini akauma mdomo asicheke. Inspekta hakucheka. "Nieleze kazi yenu. Kwa lugha ya mtu aliyeishia kidato cha nne."

Naibu akaeleza. Walikuwa wakijaribu kidonge kipya cha kisukari kwa watu mia sita. Upande wa tiba ulipima damu. Upande wa sayansi ya jamii ulipeleka wahojaji majumbani, wawaulize watu wanaishije na dawa ile, wawarekodi kwa kinasa sauti. Kila mshiriki alijulikana kwa nambari tu.

"Na 0417 ni nani?"

"Daftari la majina lilikuwa kwa Profesa. Tumelifungua leo. Ukurasa huo umechanwa." Akasogeza faili. "Lakini hapa kuna maelezo ya kliniki. Mwanamke, miaka hamsini na nane. Amejitoa kwa hiari."

"Katika hao mia sita, wangapi walikufa?"

"Hakuna. Ndiyo sifa ya dawa yenyewe. Mwezi ujao tunaanza awamu ya pili, watu elfu tatu."

Inspekta akaagiza damu ile ipelekwe maabara ya serikali. Majibu yalirudi Jumatano, mistari miwili tu: ini la mwenye damu hii lilikuwa limeharibika kabisa. Mtu wa namna hiyo huwa hajitoi popote. Huyo alikuwa anakufa. Inspekta akafikiria wale elfu tatu waliokuwa wakingoja zamu yao.

* * *

Kinasa sauti kilikuwa na mahojiano ya 0417, nayo yalikuwa balaa. Siku hiyo mvua ilinyesha juu ya bati, ikavuma saa nzima. Inspekta akabandika sikio lake zima, hakuambulia kitu.

"Hebu wewe mwenye mawili."

Sajini akavaa vipokea sauti, akafumba macho, akakunja uso. "Mama mmoja anaongea, afande. Maneno siyapati. Mvua tupu."

Inspekta akachukua nakala iliyoandikwa kutokana na sauti hiyo. Kurasa sita, safi, kila neno mahali pake. Akasoma kwa sauti:

"Miguu imevimba, macho yamekuwa ya njano. Nimerudi kliniki mara mbili, mkubwa wao anasema nivumilie, dawa inafanya kazi. Mwanangu simwambii. Ndiye aliyenitia moyo nijiandikishe, na akianza kunitetea ataharibikiwa kazini. Mwache ale ugali wake kwa amani. Mimi nitameza tu."

Sajini alikuwa na mama wa umri huo, akageuka dirishani.

"Nani aliandika hii?" Inspekta aliuliza.

"Yule dada wa chumba cha mwisho. Wenzake wanamwita Masikio."

"Nipe kazi yake nyingine ya siku hiyohiyo, mvua hiyohiyo."

Sajini akaileta, akahesabu kwa kalamu. Kanuni ya kituo ilikuwa moja: usikisie. Usiposikia, andika "haisikiki". Masikio alikuwa mkali kwa kanuni hiyo kuliko wote. Katika mahojiano ya mshiriki huyo mwingine alikuwa ameandika "haisikiki" mara thelathini na moja. Katika ya 0417 hakuiandika hata mara moja.

"Afande," sajini alisema taratibu, "inawezekanaje?"

"Mkeo akikuita sokoni, katikati ya kelele zote, humsikii?"

* * *

Walimkuta mezani kwake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa sweta jeusi. Chumba kilikuwa kidogo, kompyuta moja, kiti kimoja cha wageni. Inspekta akakivuta akakaa sikio lake la kulia likimwelekea.

"Ijumaa ulitoka saa ngapi, binti?"

"Saa kumi na moja."

"Ulimwona Profesa?"

"Sikumwona."

"Nisaidie kitu kimoja. Sikiliza hapa, uniambie anasema nini."

Alianza na sauti ya yule mshiriki mwingine. Masikio alisikiliza kwa makini, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. "Haisikiki, mzee. Mvua."

"Na hii?"

Sajini akabadilisha, nambari 0417 ikatokea kwenye kioo. Masikio aliitazama, akavua vipokea sauti kabla mtu hajabonyeza. Akaviweka mezani, akavinyoosha waya.

"Hii sihitaji kuisikiliza."

"Ni nani yako?"

Uso ulikuwa umemsawijika, mikono imelala mapajani. Inspekta hakumharakisha.

"Mama," alisema mwishowe. "Mama yangu mzazi. Haruhusiwi ndugu wa mfanyakazi kuingia kwenye utafiti, kwa hiyo tulificha. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia, mama, dawa ya bure, madaktari wakubwa, unataka nini tena?" Akacheka kicheko kikavu. "Alipokufa, Profesa mwenyewe alisema kliniki kuna washiriki wakaidi wanaoacha vidonge bila kuaga. Nikaamini mama aliacha. Nilimkasirikia maiti, mzee. Nilimzika nikiwa nimemkasirikia."

"Halafu ukaletewa sauti yake."

"Miezi minane baadaye. Ilikuwa kwenye rundo la kazi, kama kazi nyingine. Nikabonyeza, nikamsikia anakohoa, kabla hata hajasema neno."

Sajini alikuwa akiandika upesi. Inspekta akauliza, "Ijumaa?"

"Nilimpelekea Profesa nakala. Nikamwambia ni mama yangu, na hakujitoa, amekufa, rekebisha faili. Sikutaka kingine. Akasema mmoja katika mia sita hana uzito, takwimu hazimwoni. Akaniambia nakala ile niiandike upya: haisikiki, mwanzo mpaka mwisho. Halafu akachana ukurasa wenye jina la mama kwenye daftari mbele yangu, akaenda chumba cha baridi kukiondoa kichupa cha damu ya mama. Nilimfuata nikimwomba. Akanipa mgongo, anapekua maboksi. Hata hakugeuka."

"Ukatoa kabari."

"Nikatoa kabari."

"Ulijua kitasa ni kibovu?"

"Barua za kumwomba fundi nilizichapa mimi. Zote tatu."

"Mlango ule ni mnene," Inspekta alisema. "Sajini alijaribu kupiga kelele ndani, nje hatukusikia chochote. Labda hukujua kama anaita."

Alikuwa anamfungulia mlango mdogo wa kupitia, na alijua si kazi yake kuufungua. Masikio akatikisa kichwa.

"Wewe hukusikia, mzee. Mimi kazi yangu ni hii. Nilikaa pale nimeegemea mlango, nikasikia kila neno. Alisema ana watoto. Alisema atarekebisha faili. Alisema hivyo mara nyingi, sauti ikipungua, mpaka ikawa anagonga tu. Nami nilikuwa najiambia, haisikiki. Haisikiki."

Hapo akavunjika. Alilia kwa kwikwi nzito, akisema kitu ndani ya viganja vyake, maneno yamevurugika na machozi. Sajini alisimamisha kalamu, naye macho yamemlowa.

"Afande, hapa sikupata kitu. Niandike haisikiki?"

"Usithubutu." Inspekta alikuwa ameinama, sikio lake moja karibu kabisa na mikono ile. "Mimi nimesikia. Anaomba mama yake asiandikwe 0417 kwenye karatasi zetu. Anaomba liandikwe jina." Akamgusa bega. "Litaje, binti. Polepole."

Akalitaja: la mama, la babu, la ukoo. Sajini akaliandika lote kwa herufi kubwa, akamgeuzia karatasi ahakikishe. Masikio alilisoma mara mbili, akapangusa kidole gumba kwenye sweta, akakitia wino, akakibandika chini yake. Kisha akasimama, akanyoosha mikono yote miwili afungwe pingu.