Wale Wengine Ni Nani?

"Ni nani ule anakuita?" Eneless aliuliza.

"Haiko mutu," Gauthier akajibu, akaigeuza simu juu ya meza.

Ikaita tena. Akatoka nayo nje, akaongea kwa sauti ya chini nyuma ya nyumba, huku bukari, ugali aliouleta Eneless, ikipoa.

Eneless aliuza samaki wakavu soko la Kashikishi, kando ya ziwa. Gauthier, mtu wa Pweto, alitengeneza injini za mashua. Ndoa yao ilikuwa imeshatangazwa kanisani. Lakini siku hizi Gauthier alifuta meseji na kuwakwepa rafiki zake, na Eneless akipita bandarini wanaume walinyamaza, kisha wakamcheka akishapita. Aliona wazi kuna mwanamke mwingine.

Gauthier akiwa bado nje, Eneless akampigia Kaoma, rafiki mkubwa wa mchumba wake. Kaoma alicheka tu, akamwambia amuulize bwana wake, akakata.

Gauthier aliporudi, alimkuta amesimama mlangoni.

"Sema jina yake, ule mwanamuke."

 Gauthier akafungua sauti iliyotumwa kwenye grupu ya wavuvi. Alikuwa Kaoma:

"Bamuke ba soko ni chisense, dagaa tu. Unachota na mukono, hauchagui. Na ule Eneless yako ni vile vile."

Ikafuata sauti ya Gauthier, kali:

"Bale bengine, sawa. Lakini bibi yangu, hapana."

Gauthier akaeleza kwamba ndiyo sababu ya ugomvi wake na Kaoma, na ya simu za wavuvi waliotaka wapatane, na kwamba hakutaka Eneless asikie. Alingoja shukrani.

Wivu ulimtoka Eneless, lakini kingine kikaingia.

"Bale bengine ni nani, Gauthier? Princesse, mwenye tunauza naye? Mama yangu, mwenye aliuza samaki palepale? Kama sikuwa bibi yako, ungeacha baniite chisense?"

 Eneless akajifunga chitenge, akarudi kwao, akasema ndoa ingoje.

Asubuhi mashua zilipofika, Princesse aliinama kuchagua samaki. Kaoma akamwita chisense, wanaume wakacheka. Gauthier akaweka spana chini.

"Iko na jina. Mwite Princesse."

"Naye ni bibi yako?"

"Hapana. Ni mutu. Ukimwita vile tena, injini yako utatengeneza mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Kaoma akatema mate majini, akaenda zake.

Eneless alikuwa kati ya wanunuzi, beseni mkononi, amesikia yote. Akamwendea Gauthier mbele ya wanaume wote, akamfuta grisi shavuni kwa ncha ya chitenge.

"Kuya kwetu leo," alisema. "Tupange siku ya ndoa."