Walisema Nakula kwa Siri, Kumbe Nilikuwa Silali

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, fundi cherehani hapa Sumbawanga mjini. Au niseme nilikuwa fundi... Jicho langu la kushoto sasa halioni hata tundu la sindano. Naomba mnisikilize, wasomaji wenzangu. Nimechoka kubeba haya peke yangu.

Nilipoambiwa nina kisukari, kile cha aina ya pili, sikubisha. Chai ya sukari nikaacha, soda nikaziaga, ugali nikapunguza mpaka watoto wakanihurumia. Vidonge nilimeza bila kuruka. Sukari ikashuka, nikamshukuru Mungu.

Kisha mume wangu, Baba Deo, akamleta mama yake kutoka kijijini Mwazye. Mama alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu. Mchana alitulia, lakini usiku! Aliamka akitafuta jembe, akisema kwa Kifipa kwamba ulezi umezidiwa na magugu na sisi tumelala tu. Mara afungue mlango, atoke kwenye baridi ile ya kwetu bila hata kitenge begani...

Nani alimfuata? Mimi. Nilimrudisha, nikamfunika blanketi, nikijiegesha kidogo anaamka tena. Ikaenda hivyo miaka, ndugu zangu! Baba Deo alihamia chumba cha watoto, akasema ana kazi asubuhi. Kwani mimi sikuwa na kazi? Dada yake anayeishi kijiji cha Kate, kila nilipomwomba aje anipokee japo kwa wiki, alisema yuko shambani.

Sukari ikaanza kupanda. Nikaongezewa dawa, ikapanda tu. Presha nayo ikaja. Nyumbani wakapata jibu lao: Mama Deo anakula kwa siri!

Baba Deo akaifungia sukari kabatini, ufunguo akawa anatembea nao. Siku ya kipaimara cha binti yetu, mbele ya wageni, wifi yangu alininyang'anya sahani ya wali mkononi.

"Unataka umwachie kaka yangu mayatima?" alisema.

Watu wakacheka. Nikaingia chumbani, nikalia... Utajiteteaje kwa kosa ambalo hukulifanya? Na nguvu za kujitetea ningezitoa wapi?

Ukungu ukanijia machoni. Nilimshonea mteja suruali, mguu mmoja ukawa mfupi. Wateja wakanikimbia. Mwishowe nikapelekwa Mbeya, Baba Deo akinisindikiza. Daktari alipomaliza kunipima macho, akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa.

"Mama, usiku unalala?"

"Analala vizuri tu, daktari," akajibu Baba Deo.

Sijui nguvu nilizipata wapi. Nilisema yote! Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba mwili usiopata usingizi unashindwa kuitumia sukari vizuri, hata ukimeza dawa. Presha nayo inapanda, na hali hiyo ikiendelea kwa miaka inachangia kuharibu macho, figo, moyo na mishipa. Hakusema ni usingizi peke yake. Alisema usingizi nao ni sehemu ya matibabu, na mimi nilikuwa siupati.

Ndani ya basi la kurudi, tulipoipita Tunduma, Baba Deo alinigeukia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, Mama Deo. Nilikuwa nawasikia."

"Ulikuwa unatusikia?"

"Kila usiku. Nilidhani umeshazoea."

Jamani! Afadhali angenidanganya kwamba ana usingizi mzito...

Siku hizi wanapokezana kumwangalia mama yao usiku, yeye na dada yake aliyemwita kutoka Kate. Mimi nalala. Sukari imeshuka, lakini jicho halirudi, na cherehani nimemwachia binti yangu. Mama mkwe sina kinyongo naye, hakujua alitendalo. Baba Deo nimemsamehe kwa mdomo. Moyo bado nauombea.

Ninyi mnaoishi na mgonjwa wa kisukari, kabla hamjamkagua sahani, muulizeni amelalaje. Na wewe mgonjwa mwenzangu unayekesha kwa ajili ya wengine huku nyumba nzima inakoroma, sema! Mwambie daktari, waambie ndugu, wakupokee. Nawasihi, msinyamaze kama mimi. Watu wa nyumbani mwako wanaweza kuwa wanakusikia, na bado wakageukia upande wa pili wakalala.