Mdomo wa Mashavu

Jioni ile Zamda alifunga cherehani mapema, akatia mkasi na tepu mkobani, akapita kwa jirani yake Dorkasi kumchukua mtoto. Ndivyo alivyofanya kila siku. Pale Masuguru watu walikuwa wanawasha majiko ya mkaa nje ya milango, na adhana ya magharibi ilikuwa bado. Alitaka tu kufika nyumbani, amnyweshe mtoto uji, kisha akae na simu yake aandike.

Dorkasi alikuwa amesimama mlangoni. Hakumkaribisha.

"Mama Mwanaisha," alinong'ona. "Mtoto leo kasema."

Mkoba ulimponyoka Zamda. Mwanaisha alikuwa na miaka miwili na nusu na hajawahi kutamka neno, hata mama. Kliniki walimwambia asubiri. Majirani walimwambia mengine.

"Kasema nini, dada?"

Dorkasi ni Msambaa, mlokole, mtu ambaye hata kitako cha sufuria hukitaja kwa haya. Aliangalia chini.

"Kanitukana. Nilikuwa nampa ndizi. Kaniambia... Mungu anisamehe... kaniambia, 'Mavi ya kenge wewe, ndizi gani hii, umeichuma makaburini?' Yote hayo, kwa mpigo. Na sauti, mama. Sauti haikuwa ya mtoto."

Mwanaisha alikuwa amekaa kwenye mkeka, amewapa mgongo, anachezea kifuniko cha chupa. Zamda akamwita. Hakugeuka. Akamwita tena.

Chumba kikajaa harufu ya maganda ya machungwa. Dorkasi hakuwa na chungwa hata moja.

Mtoto akageuza kichwa, taratibu...

"Umechelewa, kamasi la mjomba."

Zamda alikaa chini palepale kwenye sakafu. Si kwa woga, nisikudanganye. Woga ulikuja baadaye. Kilichomkalisha ni furaha, na hapo ndipo penye msiba wote wa hadithi hii.

Maana sauti ile aliijua. Ilikuwa ya Mashavu, mama mzazi wa Mwanaisha, na Mashavu alikuwa na mwaka na miezi minane kaburini.

Mashavu na Zamda walikuwa mabinamu. Mama yake Mashavu, Mwatumu, ni dada wa baba yake Zamda. Katika ukoo wao wa Kizigua mabinamu wa namna hiyo ni watani, na mtani hana adabu wala haombi samahani. Walikulia pamoja Kwedizinga wakitukanana tangu chai ya asubuhi. Bingwa alikuwa Mashavu. Alikuwa mfupi, anachechemea mguu wa kushoto tangu alipoanguka mchungwani, na alipokuwa akiuza machungwa stendi ya Korogwe makondakta wenye miraba minne walimpisha njia kwa kuogopa mdomo wake. Ila tusi moja hakumgawia mtu mwingine. "Kamasi la mjomba" lilikuwa la Zamda peke yake. Nakupenda lilikuwa linamshinda kutamka, basi akawa anasema hilo.

Bodaboda aliyopanda ilimuua barabara ya Misima, asubuhi, na kikapu cha machungwa magotini. Alimwacha Mwanaisha wa miezi kumi. Baba wa mtoto alishatokomea zamani, kwa hiyo Zamda alimchukua.

Sasa, siku ya kuanua matanga, kwao kuna kazi ya mtani. Anavaa khanga ya marehemu. Anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anatukana kama yeye, mpaka waliofiwa wanacheka huku wanalia. Wakishacheka, wanampa maji asukutue na kutema, wanamvua khanga, wanamwambia marehemu: haya, nenda salama. Mtani wa Mashavu alikuwa Zamda. Wakamvalisha khanga, ukumbi mzima ukanyamaza kumsubiri, naye akasimama katikati akafungua mdomo na kisitoke kitu. Alilia tu. Akaivua ile khanga mwenyewe, akakimbilia nyuma ya nyumba. Watu wakamwonea huruma, wakala wali, wakatawanyika.

Hakuna aliyemuaga Mashavu.

Mwaka mzima ulipita kimya. Kisha Zamda akaanza kusikiliza mchezo wa redio ulioitwa Machozi ya Sikudhani. Sikudhani wa redioni alikuwa mke mpole hadi anaudhi. Wifi akimpiga, analia. Mama mkwe akimmwagia uji, anasema nimekusamehe. Washabiki wa mchezo ule walikuwa na kundi la wasap, na humo kila mwenye hamu aliandika Sikudhani wa kwake. Mmoja alimwozesha kwa tajiri, mwingine alimpeleka Ulaya. Zamda, siku moja amechoka na machozi yote yale, akaandika Sikudhani anayejibu.

"Mama mkwe," aliandika, "huyu mwanao ulimzaa au ulimtapika?"

Kundi liliwaka moto. Watu mia mbili walicheka mpaka saa sita. Andika tena, walimwambia. Naye akaandika, kila jioni, miezi minane, na kila tusi lilikuwa la Mashavu: mavi ya kenge, pua ya bomba la mvua, matako ya kuazima. Wengine katika kundi walilalamika kwamba Sikudhani wa kweli hatukani. Zamda aliwaacha walalamike. Yeye hakuwa akimwandika Sikudhani.

Mwanzoni matusi aliyakumbuka. Baadaye yakaanza kuja matusi ambayo hajawahi kuyasikia, mapya, matamu, yenye mdundo uleule... na kila alipoandika, harufu ya maganda ya machungwa ilipita chumbani. Aliifurahia. Alikuwa anafumba macho na kuivuta. Hakumwambia mtu yeyote, na lile la kamasi la mjomba hakuliandika popote. Hilo lilikuwa lake.

Basi baada ya jioni ile kwa Dorkasi, unadhani Zamda aliacha kuandika? Hakuacha. Aliandika zaidi. Kila alipomaliza sura, Mwanaisha aliongea. Walikaa kwenye mkeka, mtu mzima na mtoto, wakatukanana kama zamani. Zamda alicheka, akamweleza habari za stendi na nani kaoa nani. Wiki nzima alikuwa mwanamke mwenye raha kuliko wote Masuguru.

Siku ya nane Mwanaisha alikataa uji.

Siku ya tisa alikataa maji. Midomo ilianza kumchanika. Zamda alipomwita jina lake, hakuitika. Alipomwita Mashavu, aliitika.

Siku ya kumi, asubuhi, jua limewaka kabisa, mtoto alisimama akaenda mlangoni. Mguu wa kulia ulikanyaga vizuri.

Wa kushoto aliuburuta.

Zamda alimfunga mgongoni na kuondoka naye kwenda Kwedizinga saa ileile.

Alifika alasiri. Shangazi Mwatumu alikuwa uani anapepeta mahindi. Aliuangalia uso wa Zamda, kisha akamwangalia mtoto, na ungo ukatulia mikononi mwake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mlete ndani."

Zamda alimsimulia yote: redio, kundi, Sikudhani, ndizi ya Dorkasi. Shangazi hakushangaa. Akaitikia kwa kichwa tu, mpaka Zamda akaona ajabu.

"Hizo sura nazijua," alisema shangazi. "Binti wa jirani yumo humo kwenye kundi lenu. Hunisomea kila siku. Siku ya kwanza tu nilijua anayesema ni mwanangu Mashavu."

"Mbona hukuniambia niache?"

Shangazi alikunja khanga yake magotini, akaikunjua.

"Ningekuambiaje? Wewe umemvaa, hujamvua. Nilijua ni makosa. Lakini nilikuwa namsikia..."

Mwanaisha alitambaa akapanda mapajani mwa bibi yake. Akaegemeza kichwa kifuani. Harufu ikaja, nzito, hadi machozi yakawatoka.

"Mama," alisema kwa sauti ya mwanamke. "Bado unapika mchuzi hauna chumvi? Mavi ya kenge."

Shangazi Mwatumu alicheka. Alicheka na kulia, anamkumbatia, anambusu utosini, anamuuliza, umekula, unaumwa wapi, kule kuna baridi? Zamda aliwatazama. Damu ilikuwa inatoka kwenye mdomo wa mtoto, tone dogo, pale ulipochanika, na bibi hakuliona.

"Shangazi. Lete khanga yake."

"Ngoja kwanza."

"Shangazi, mtoto hajanywa maji tangu jana."

"Ngoja kidogo tu, Zamda! Wewe umekaa naye wiki. Mimi ndiyo kwanza namshika."

Nje kuku walikuwa wanayala yale mahindi. Mwishowe shangazi aliinuka, akafungua sanduku, akaitoa khanga ya Mashavu ambayo haikufuliwa tangu msiba, na maji kwenye kibuyu.

Zamda akajifunga khanga. Akauburuta mguu wa kushoto kutoka mlangoni hadi ukutani, akarudi. Mara hii mdomo ulifunguka. Alitukana nyumba, alitukana paa linalovuja, alimtukana shangazi na mchuzi wake, aliitukana bodaboda na dereva wake na barabara yote ya Misima. Mapajani mwa bibi, midomo ya Mwanaisha ilikuwa inamfuata neno kwa neno, bila sauti.

Kisha Zamda alinyamaza ili apumue.

Mdomo wake uliendelea.

"Mbona mmenichelewesha?" ulisema, na haikuwa sauti yake. "Nimesimama barabarani muda wote huo. Nimechoka."

"Sikutaka uende," Zamda alijibu kwa mdomo uleule.

"Najua. Kwani mimi nilitaka?"

"Mashavu..."

"Unaninyonyea mwanangu, mjinga wewe. Kila neno nikisema linatoka kwake. Mwachie na yeye aseme lake. Sukutua."

"Sema lile langu kwanza. Mara moja."

"Sukutua, Zamda."

Hakulisema. Alimwita jina, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwita jina. Zamda alichukua kibuyu, akajaza maji mdomoni. Yalikuwa machungu, ladha ya ganda la chungwa. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kisha akatoka hadi kizingitini akayatema nje, na shangazi, bila kuangalia, akamvua ile khanga. Ni yeye aliyepaswa kusema haya, nenda salama. Alisema kwa sauti ndogo sana. Zamda hakuwa na hakika kama alimaliza maneno yote.

Mwanaisha alilia. Kilio cha mtoto, chembamba, cha njaa.

"Maji," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza.

Waliporudi Masuguru, Zamda aliandika sura ya mwisho. Sikudhani alifunga vyake, akamsamehe kila mtu, akaondoka. Watu walichukia. Huyu si Sikudhani wetu, walisema, umemharibu. Walikwisha kumsahau yule mpole wa redioni, wakamzoea mwenye mdomo. Mwanaisha alikuwa anakula, ananenepa, anasema maji, anasema kuku, anasema Dokasi bila ile r. Alipoweza kusema mama, neno hilo alimwita Zamda. Zamda alimbeba akaenda kulia naye nyuma ya nyumba.

Wiki mbili zikapita.

Siku moja, saa za kuanika nguo, simu ililia. Sura mpya kwenye kundi, kutoka namba asiyoijua. Mwandishi alisema anamrudisha Sikudhani wa kweli, na kundi zima lilikuwa linashangilia. Zamda alisoma. Matusi yalikuwa mapya, matamu, yenye mdundo uleule. Akateremka hadi mwisho. Pale Sikudhani alikuwa amesimama barabarani na kikapu, anamwita mtu:

"Kamasi la mjomba, mbona kimya?"

Zamda alipiga ile namba. Ilipokelewa kwa mlio wa kwanza.

"Ni mimi, mwanangu," alinong'ona Shangazi Mwatumu. "Nimemwomba binti wa jirani aniandikie, na simu yake kaniachia. Mimi nasema, yeye anaandika."

"Shangazi, tulimuaga."

"Wewe ulimuaga. Mimi lile nenda salama nililikata katikati." Alipumua kwa shida. "Usihofu, mtoto haguswi. Mdomo ni wangu, nimempa mimi. Mimi nimeshakula vya kutosha, Zamda. Miaka sabini nakula."

Nyuma ya sauti ya shangazi, Zamda alisikia mtu anatembea chumbani. Hatua moja. Mburuto. Hatua moja. Mburuto...

"Shangazi, uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

Kisha simu ikahama mkono, au ilisikika hivyo.

"Kata simu, kamasi la mjomba," ilisema ile sauti, imechoka. "Usinisikilize. Kata."

Zamda alilia kwa sauti, amekumbatia nguo mbichi. Alijua anachopaswa kufanya. Kidole kilikuwa juu ya kile kitufe chekundu. Hakukata. Alisikiliza pumzi za Mashavu, moja baada ya moja, mpaka salio likaisha na simu ikakatika yenyewe.

Harufu ya maganda ya machungwa ilikuwa imejaa uani.

Ndani, Mwanaisha aliamka usingizini. Zamda alimsikia anashuka kitandani. Akamwona anakuja kwenye ukumbi wa ndani, mrefu, wenye kiza, anaelekea mlangoni, bado mbali, kivuli tu. Zamda aliuangalia ule mguu wa kushoto. Hatua ya kwanza. Ya pili. Aliomba, akiwa amefumba mikono juu ya simu, na hakujua anaomba aone nini.