Redio Iliyotoweka Igogo

Jumamosi moja ya Machi 1957, saa mbili asubuhi, Mzee Shaibu, fundi cherehani wa Igogo, alirudi na familia yake kutoka harusini Pasiansi. Mlango wa uani ulikuwa umevunjwa na redio haipo. Kufikia saa tano, kuli Masalu alikuwa mahabusu. Jumatatu angepandishwa kizimbani, na mkewe ana mimba ya miezi minane.

Shahidi alikuwa mmoja tu: karani Venant, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeandika maelezo yake kwa Kiingereza. Koplo Ndalahwa aliyasoma mara tatu. Mgane yule hakuwa na mtu wa kumngoja nyumbani, basi hakuwa na haraka.

"Karani, hapa umeandika 'see', yaani Masalu alikupitia tu machoni. Huku chini 'watch', yaani ulimtazama mpaka mwisho. Lipi ni lipi?"

"Yote, afande. Nilimwona kwa bahati akiuvunja mlango wa Shaibu, kisha nikamtazama. Jana saa kumi na mbili na nusu jioni, nimekaa dirishani nasoma, taa inawaka."

Lo, jibu la msomi! Koplo nusura afunge jalada.

"Dirisha wazi?"

"Wazi kabisa."

"Jana saa hiyo wadudu wa ziwani walitanda kama moshi. Igogo nzima ilifunga madirisha ikazima taa. Mimi mwenyewe nimemeza watatu! Wewe ulisomaje?"

Venant alikodoa macho.

"Hukujua," Ndalahwa alisema, "kwa sababu ulikuwa umejifungia kwa Shaibu. Lakini hata leo hujasikia watu wakihadithiana?"

"Hakuna anayenihadithia chochote, afande."

Redio ilikutwa chini ya kitanda chake, imefunikwa shuka.

"Kina Shaibu wanahamia Kamanga, ng'ambo ya ziwa," Venant alisema. "Miaka miwili nimetega sikio ukutani. Jirani mwingine husikia tu kelele. Mimi nilisikiliza: habari, watoto wakicheka, Mama Mwanvua akimtania mumewe. Jana nikakaa kwao, kisha nikaibeba. Nikaiwasha kwangu."

"Ikawaje?"

"Ilisema peke yake. Hakuna aliyecheka."

"Na Masalu amekukosea nini?"

"Yeye hukaribishwa kwao kila jioni. Mimi, hata mara moja!"

"Uliwahi kupiga hodi?"

Venant alitikisa kichwa, akaanza kulia.

Saa kumi Masalu aliachiwa, akaondoka mbio. Ndalahwa alimfungia karani, roho ikimuuma, kisha akavuta kiti akakaa karibu na nondo.

"Haya," alisema, "nihadithie."