Safari Yangu ya Wellington, Bila Mimi

Simu ya Huia ilitetema pembeni ya mkono wangu huku kichwa chake kikiwa kwenye beseni langu la saluni, nywele zimejaa povu, macho kafumba.

Sikuwa na nia ya kusoma. Jamani, naapa sikuwa na nia!

Lakini jina langu lilikuwa palepale kwenye kioo cha simu.

"RAEWYN ASIJUE KABISA. Akijua tumekwisha."

Aliyeandika ni Bronwyn.

Kundi lina watu watatu. Jina la kundi: "Wellington Julai, Bila R."

Bila R! Sasa R ni nani kama si mimi?

"Mbona umeacha kuosha?" Huia akauliza.

"Maji yamepoa," nikamjibu.

Maji yalikuwa ya moto vizuri tu. Niliyekuwa sina hali ni mimi.

Ngoja niwaeleze vizuri, msije mkaniona mwehu.

Mimi nina saluni hapa Blenheim, mji mdogo ng'ambo ya bahari kutoka Wellington. Huia ni shoga yangu tangu tuna miaka tisa. Sefina tulimpata kwenye timu ya netiboli, huu ni mwaka wa ishirini. Watatu sisi, hakuna wa nne! Halafu mwaka juzi akahamia huyu Bronwyn. Mpoleee, anatabasamu tu. Kila unayekutana naye, "Bronwyn mtu mzuri", "Bronwyn hana neno". Mimi watu wasio na neno nawaogopa, nawaambia ukweli.

Sasa sikilizeni kilichoniuma.

Miaka MINNE nimewabembeleza Huia na Sefina twende Wellington wakati wa baridi, kwenye sikukuu ya Matariki, zile nyota zinapochomoza alfajiri na mwaka wa Kimaori unaanza. Kila nikisema, wana sababu.

"Rae, upepo ule utatubeba!"

"Rae, vilima vile na magoti yangu haya?"

"Rae, feri ya Julai? Nitatapika mpaka utumbo."

Nikakaa chini nikawaandikia mpango mzima. Tuchukue feri ya asubuhi, ya mchana mawimbi yake si ya mchezo. Tusibebe miavuli, itavunjika kabla hatujatoka bandarini. Tuchukue chumba kinachotazama kaskazini, ndiko liliko jua. Kilima tukipande kwa kile kitreni, kushuka ndiyo tushuke kwa miguu. Vitanda vitatu.

Wakanijibu kwa kidole gumba kimoja. Basi.

Na sasa nasogeza simu ya Huia kwa kidole chenye povu, nakuta nini?

Mpango WANGU! Neno kwa neno! Hata vitanda hawakubadilisha, vitatu vilevile. Kitanda changu kapewa Bronwyn!

Nikamfunga Huia taulo. Nikachukua mkasi. Mungu ananiona, nilijizuia nisimnyoe upara.

"Shoga, Matariki mwaka huu una mpango gani?"

"Mimi? Nipo tu. Nitalala."

"Utalala..."

"Nimechoka, Rae. Mwaka huu umenichosha."

Mwongo! Ananidanganya kwenye kioo changu mwenyewe, na baada ya yote niliyomfanyia! Mama yake alipofariki Februari, nani alilia kuliko watu wote pale msibani? Si mimi?

Nilipofika nyumbani nikamwaga yote kwa mume wangu, Trevor.

"Si uwaulize tu?" akasema.

"Kuwauliza? Trevor, una akili kweli?"

Ilipofika Alhamisi, mkesha wa Matariki, wao wakapanda feri ya asubuhi. Mimi nikapanda ya mchana, ileile niliyowaonya wasipande. Nilitapika njia nzima! Mama mmoja mgeni alinishikia mfuko mpaka tukaingia bandarini. Nikashuka, upepo unanisukuma ukutani, lakini roho inaniambia twende, twende, leo watanitambua.

Hoteli yao nilikuwa naijua, si niliichagua mimi! Nikalala hosteli ya jirani.

Kwenye mpango wao kulikuwa na jambo moja tu ambalo sikuliandika mimi. Ijumaa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, juu ya Mlima Victoria, kilima cha pale mjini.

Nikajua moja kwa moja. Picha! Bandari chini, taa zinawaka, wao wamekumbatiana, kisha Jumatatu waziweke mtandaoni mimi nife kwa wivu.

Nikavaa koti jekundu. Nikapaka rangi ya mdomo. Na simu nikaichaji mpaka mia, maana nilipanga kwenda mubashara, nyie wafuasi wangu wote mjionee. Hata kichwa cha habari nilishakiandaa: MARAFIKI WANAFIKI WANASWA LAIVU.

Nikapanda kile kilima nahema, baridi inanikata masikio. Nimebakiza kama hatua thelathini kufika juu, tochi ikanimulika usoni.

"Raewyn?!"

Ni Sefina.

"Ndiyo, Raewyn! Ndiyo ile R yenu!"

"Shusha sauti."

"Sishushi! Miaka ishirini, Sefina! Mpango wangu mmechukua, kitanda changu mmempa yule asiyejua kusema..."

"Rae. Huia yuko juu anamwita mama yake."

Nikaishusha simu yangu.

Hapa kwetu, alfajiri ya Matariki ndipo unapowataja kwa sauti marehemu wako wa mwaka huo, nyota ziwapokee. Kwa kila marehemu ni mwaka huo huo mmoja. Ukipita, umepita. Na Mama Ripeka, mama yake Huia, alizaliwa hapa Wellington, chini ya kilima hiki hiki.

Lakini mimi hasira zikarudi tena, mara mbili yake!

"Na mimi je? Yule alikuwa mama yangu pia! Mama yangu mzazi aliondoka, Mama Ripeka akaniwekea sahani mezani kwake kila jioni! Mnanifichaje kitu kama hiki?"

"Ndiyo sababu tumekuficha."

"Sababu gani?"

"Kule msibani ulikaa wapi?"

"Pembeni ya jeneza! Siku zote tatu, sikutoka!"

"Ile nafasi ilikuwa ya nani?"

Nikatazama kule juu alikokuwa Huia.

"Ulizimia mara mbili," Sefina akasema, taratibu, bila hasira. "Ukahutubia dakika arobaini. Watu wakapanga foleni kukupa pole wewe. Unajua Huia alikuwa wapi muda huo?"

"Alikuwa... jikoni."

"Anakuchemshia chai wewe. Bronwyn yuko pembeni yake anamenya viazi, hamuulizi kitu. Siku tatu, Rae. Ndiyo maana Bronwyn yuko hapa."

"Si angeniambia tu!"

"Angekuambia, ungelia. Ukilia, angeanza kukubembeleza. Alituambia hivi: nataka asubuhi moja tu ya kumlilia mama yangu bila kumbembeleza Raewyn."

Jamani.

Nilihisi machozi yanakuja, na mdomo tayari unafunguka nipige ukunga kama kawaida yangu. Sefina akaninyooshea kidole tu. Nikaiziba sauti kwa skafu, nikaing'ata.

Ndipo upepo ukatuletea sauti kutoka juu.

"Ripeka! Mama! Ripeka eee..."

Kisha kilio. Kizito, kinakatika, kinaanza upya. Sauti ile sikuijua. Nikamuuliza Sefina kwa macho, ni nani yule?

"Ni Huia," akaninong'oneza.

Miaka thelathini na minne namfahamu Huia. Nimemwona akiumia, akiachika, akizika. Sikuwahi kumsikia akilia, na siku zote nilidhani ni kwa sababu yeye ni jasiri.

Kumbe hakuwahi kupata nafasi.

Hatua thelathini tu. Kila kitu ndani yangu kilitaka kupanda, nimkumbatie, niseme na mimi nipo, na mimi nimefiwa. Na nawaambieni ukweli wote, wivu ulikuwa bado upo. Nilimwonea wivu Bronwyn aliyesimama kule juu. Nikamwonea wivu na Huia, kwa sababu yule alikuwa mama yake kweli, na mimi nilikuwa na sahani tu.

Nikazima simu.

"Usimwambie kama nililia," nikamwambia Sefina.

Nikashuka.

Saa nne asubuhi, niko bandarini nasubiri feri, meseji ikaingia. Huia.

"Sefina kaniambia ulikuja. Na kaniambia ulishuka. Asante."

Nikaandika jibu refu, refu sana, la msamaha na Mama Ripeka na utoto wetu. Nikalisoma. Lilikuwa na "mimi" kumi na saba. Nikalifuta lote.

Nikaandika: "Ukitaka kuongea nipo. Usipotaka, nipo vilevile."

Leo ni siku ya sita, hajajibu. Sijamuuliza kwa nini. Trevor ananiangalia kama mgonjwa, maana hajazoea nyumba ikiwa kimya hivi.

Mtauliza, nimemwomba Huia ruhusa ya kuandika haya? Nilimtuma Sefina. Hilo ndilo jambo pekee alilojibu: "Aandike, ila aseme ukweli." Nimeusema, na haunipendezi.

Wewe unayesoma, ukigundua kuna mahali hukualikwa, wivu utakuwasha, ni haki yako. Lakini kabla hujavaa koti jekundu, jiulize siku ile ulipoalikwa ulifanya nini.

Na tafadhali, kwenye komenti msiniandikie pole mimi. Nilishachukua zangu zote Februari, nikachukua na za Huia. Mkimwona, mpeni yeye.