Ua Nililolichonga Juu ya Ufa

Nina miaka sitini na mitatu, na tangu nilipokuwa na thelathini sijaegemea mlango wowote. Nikiingia nyumba za watu nakaa katikati ya jamvi. Nikipanda gari naomba kiti cha kati. Wanaonijua hucheka, wengine husema uzee unanijia vibaya. Leo nawaambia ninyi wasomaji sababu yake, maana tuliobaki tunaoijua ni wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike... na yeye hasemi nami.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo, seremala mwana wa seremala. Baba alikuwa akichonga milango ya nakshi, na alipofariki akaniachia patasi zake na jina lake. Nilibaki na mama yetu, Bi Tatu, na mdogo wangu Mwanaidi. Baba hayupo, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa walii wake, na mimi ndiye niliyemwoza kwa Kondo, mhunzi aliyekuwa akifua majembe na bawaba jirani na karakana yangu. Kondo alikuwa mpole, mtu wa maneno machache. Kila mlango niliochonga, vyuma vyake vilitoka mkononi mwake.

Miaka michache kabla ya uhuru, mfanyabiashara mmoja wa korosho, Bwana Salehe, alinunua pikapu kuukuu huko Dar es Salaam, ile ya kupita porini, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Haikuwa na milango. Ukikaa mbele, ubavuni mwako ni upepo na vumbi! Njia ya Kiwangwa siku zile ilikuwa mashimo matupu, naye alitaka milango nusu, ya kufika kwenye mbavu za mtu aliyekaa, ili abiria asianguke. Akatuita mimi na Kondo.

Mlango wa gari si kama wa nyumba. Umepinda chini, una mkato pale penye gurudumu. Nilibomoa sanduku la majani ya chai nikapata vipande vyepesi, nikavikata na kuvijaribisha kwenye gari hata nikaipata sura yake, ndipo nikaukata mninga wenyewe. Mpaka hapo nilikuwa fundi. Kiburi kilikuja baadaye.

Nani alikuwa amewahi kuona mlango wa nakshi kwenye gari? Niliwaza pikapu ile ikipita sokoni na watu wakiulizana ni kazi ya nani. Nikaamua kuchonga ua kubwa katikati ya kila mlango, kama maua ya baba.

Lakini ubao wa mlango wa kushoto, upande wa abiria, ulikuwa na ufa. Ulianzia ukingoni, pale pale penye nafasi ya komeo, ukaingia ndani urefu wa kidole. Ilinipasa kuutupa. Sikuwa na mninga mwingine mkavu, na Bwana Salehe alikwisha kutangaza siku ya safari. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba! Niliuziba kwa gundi na unga wa mbao, kisha nikachonga petali za ua juu yake hata mimi mwenyewe sikuuona tena.

Kondo alikuwa amefua bapa la chuma na bolti mbili ndefu za kushikia komeo. Aliponiletea alisema, "Shemeji, nyumba haitembei. Gari hili litatikisika mpaka meno yaume. Bolti zipite mpaka upande wa pili, zibane na hili bapa."

Nilizitazama zile bolti, nikatazama ua langu. Zingepita katikati ya petali zake. Nikamwitikia, naye akaondoka. Nami nikalifunga komeo kwa skrubu nne fupi, nikafunika ndani kwa turubai, na bolti nikazitupa chini ya kapu la vyombo vyangu.

Siku ya pili aliniuliza kama nimezifunga. Nikamwambia vichwa vyake nimevizamisha ndani ya nakshi na kuviziba kwa vipande vya mbao. Akapitisha kiganja juu ya ua, akasema kazi nzuri. Hakufunua turubai. Kwa nini afunue? Kwetu sisi mafundi, mwenzako akikwambia amefunga, amefunga.

Mama alikuwa na harusi kwa mdogo wake Kiwangwa, nikamwombea nafasi katika safari ile ya kwanza. Kondo alikusudia kukaa mbele, karibu na komeo, ausikilize mlio wa chuma chake njiani. Lakini mtu habanani na mama mkwe wake kwenye kiti kimoja. Alipomwona mama anakuja amejifunga kanga mpya, alimwamkia kwa mbali, akapanda nyuma kwenye magunia.

Mimi ndiye niliyemkalisha mama pale mlangoni. Mimi! Nikamwambia, "Egemea, mama. Huu ni mlango wa mwanao."

Akacheka, akalipiga ua kwa vidole, mara tatu, kama mtu anayempiga mtoto mgongoni alale. Akaegemea.

Tulikuwa tumekwenda zaidi ya nusu ya njia. Bwana Salehe alikuwa akiendesha, mimi na Kondo tuko nyuma. Gari likaingia kwenye shimo, likatoka, nikasikia mbao inalia... Nilimwona mama anatoka nje akiwa bado ameegemea. Mlango ulifunguka naye, akaanguka kichwa kwanza, na mlango nao ukang'oka na kutupwa vichakani. Nilipomfikia alikuwa amekwisha kukata roho. Sikupata hata kusikia neno lake la mwisho.

Tulimwinua mimi na Bwana Salehe. Kondo, kwa heshima ya ukwe, hakumgusa. Alisimama kando, kisha akarudi nyuma kuuokota mlango. Nilimwona akiutazama. Ubao ulikuwa umepasuka kupita katikati ya ua, turubai limechanika, komeo linaning'inia na skrubu zake fupi. Hapakuwa na tundu lolote la bolti. Akainua uso akanitazama, nami nikainamisha wangu. Akavua koti lake akaufunika ule mlango, kama vile nao ni maiti.

Bwana Salehe aligeuka kwetu. Akauliza iliyoachia ni kazi ya nani, ya seremala au ya mhunzi.

"Komeo ni kazi yangu," alisema Kondo.

Hakusema uongo. Nami nilinyamaza! Ndugu zangu, nilinyamaza pale njiani, nikanyamaza mazikoni, nikanyamaza watu waliponipa pole na kunong'ona kwamba chuma cha Kondo kimemuua mama mkwe wake. Nilijiambia nitasema mambo yakitulia. Je, mambo kama hayo hutulia?

Mwanaidi alishindwa. Alisema kila akiiona mikono ya mumewe anamwona mama. Baada ya arubaini alirudi kwangu akataka talaka. Na nani wa kumsemea? Walii wake. Nilikaa kwenye mkeka mbele ya wazee, nikamdai Kondo amwache mdogo wangu kwa sababu ya damu ambayo ilikuwa juu yangu mimi.

Kondo aliuliza neno moja tu. "Shemeji, ndivyo unavyotaka wewe?"

Nikajibu kwamba ndivyo anavyotaka mwenyewe. Akatoa talaka. Wiki ile ile akafungasha vyombo vyake akahamia Ubena, kule mbele ya Msata, ambako hakuna aliyemjua.

Mwanaidi akakaa nyumbani kwangu, akinipikia na kunifulia, akinishukuru kwa kumsimamia. Mchana, nikiwa karakanani peke yangu, nilisikia vidole juu ya mbao. Mara tatu... Nikigeuka hapana mtu. Nilianza kuogopa kuchonga maua. Nikawa natengeneza milango mitupu, nimeijaza bolti, hata watu wakanitania kwamba nafunga mlango wa jiko kama gereza.

Miaka minne nilivumilia. Siku moja nikazitoa zile bolti kwenye kapu, nikadandia malori hadi Msata, na kutoka hapo hadi Ubena. Nilimkuta Kondo amekaa mbele ya moto wake, ndevu zimeingia mvi. Nikaziweka mbele yake, nikalia.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Ubao haukuwa na tundu."

Nikamwuliza kwa nini alinibebea mzigo ule. Akasema, "Mwanaidi alikuwa amempoteza mama yake asubuhi ile. Nikaona asimpoteze na kaka yake. Nilidhani utasema mwenyewe. Nilikungoja mpaka siku ya mkeka."

Akanirudishia bolti mkononi. "Mwambie, shemeji. Mimi sijaoa."

Nilirudi Bagamoyo nimeapa kusema siku hiyo hiyo. Nikamkuta Mwanaidi ana homa, nikasema apone kwanza. Ikaingia Ramadhani, nikasema nisimharibie mfungo. Ikaja Idi, nikasema nisimharibie Idi. Zikaja mvua... Ukapita mwaka na zaidi. Tazameni jinsi mwoga asivyokosa kalenda!

Kisha dereva mmoja wa lori akaleta habari kwamba yule mhunzi wa Ubena amefariki, amezikwa juma lililopita.

Mwanaidi aliposikia alikaa chini pale pale uani akalia kilio ambacho sikukisikia hata siku ya mama. Ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile alikuwa akimpenda. Nikazileta bolti, nikaziweka juu ya jamvi, nikamwambia yote. Ua, ufa, skrubu, uongo, safari ya Ubena.

Nilitegemea anipige. Nilitamani anipige! Alifuta uso kwa upindo wa kanga, akauliza kwa sauti ya chini, "Ulikwenda Ubena lini, kaka?"

"Mwaka jana, kabla ya Ramadhani."

Akahesabu kwa vidole vyake. "Na alisema hajaoa."

"Ndiyo."

Alifunga nguo zake, akazichukua bolti mbili, akaondoka kwenda Kiwangwa kwa mama mdogo. Ni zaidi ya miaka ishirini na tano sasa. Nampelekea salamu, hazirudi.

Wasomaji wangu, kosa langu la kwanza lilikuwa la mkono, na mkono wa kila fundi hukosea. Lakini kunyamaza nilikuchagua mwenyewe, siku baada ya siku. Ewe uliyeficha neno ambalo mwenzako analibeba kwa niaba yako, nakusihi usingoje apone, wala usingoje Idi. Inuka sasa hivi uende ukaseme, wakingali hai wa kukusikia.

Wanaotoka Kiwangwa huniambia mdogo wangu anaishi peke yake, na kwamba komeo la mlango wake limeshikwa na bolti mbili za kizamani. Wanasema zimepita mpaka upande wa pili.