Mkongojo wa Bibi Mshonaji

Kila siku alipotoka shuleni, msichana mmoja alivua sare, akala chakula kilichofunikwa jikoni, kisha akavuka ua kwenda karakana ya shangazi yake. Kazi yake ilikuwa kufagia vumbi la chuma na kupanga vifaa rafuni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na majirani walimwita Chapuchapu kwa sababu hakuna kazi iliyomchukua muda. Akiosha vyombo, mafuta yalibaki. Akifagia chumba, takataka zilihamia uvunguni. Watu walimcheka, naye alicheka nao, maana hadi wakati huo haraka yake ilikuwa haijamuumiza mtu.

Shangazi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke wa maneno machache. Mwaka huo zahanati ilimwomba atengeneze mikongojo arobaini kwa wazee na wagonjwa wa miguu. Fundi mwingine angeanza kukata mabomba siku hiyo hiyo. Shangazi hakuwa na tabia hiyo. Alitengeneza mitano kwanza, akaigawa bure kwa watu watano wa mtaani, kisha akamkabidhi Chapuchapu daftari.

"Jumamosi nenda kwa kila mmoja," alimwambia. "Usiwaulize kama mkongojo ni mzuri. Mtu uliyempa kitu ataona haya kukisema vibaya. Kaa naye. Mwone anavyoinuka kitandani, anavyokwenda msalani, anavyopanda ngazi. Muulize jana alifanya nini tangu alipoamka. Andika unachokiona na unachoambiwa. Mimi miguu yangu mizima, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi."

Alielewa vizuri sana, kwa hiyo hatuwezi kusema hakuambiwa.

Jumamosi hiyo kulikuwa na mashindano ya mpira shuleni. Chapuchapu alianza kwa bibi mshonaji, mjane aliyeishi na binti yake katika chumba chenye cherehani ya miguu karibu na mlango. Hata kizingiti hakukivuka.

"Shikamoo, bibi. Eti, mkongojo mzuri?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mzuri sana. Mwambie shangazi yako Mungu ambariki. Ingia basi ukae, chai ipo."

"Nina haraka, bibi. Siku nyingine."

Alipokuwa akigeuka aliona kitambaa kimefungwa kwenye ncha ya mkongojo, kimekazwa kwa uzi. Alikiona kabisa. Akajisemea kwamba washonaji wanapenda mapambo, akaondoka mbio.

Kwa mlinzi mstaafu alipiga kelele dirishani, naye mzee akajibu kutoka ndani kwamba mkongojo ni mzuri. Wengine watatu hakuwafikia. Aliketi kando ya uwanja wa shule akajaza kurasa tano: anatembea vizuri, hana shida yoyote, amefurahi. Kila ukurasa alibadilisha maneno kidogo yasifanane. Jioni Shangazi aliyasoma, akatabasamu, jambo ambalo halikutokea mara nyingi.

"Leo umefanya kazi ya mtu mzima," alisema. Jumatatu akaanza kukata mabomba.

Siku kumi baadaye, alasiri, binti wa bibi mshonaji aliingia karakana ameshika mkongojo wa mama yake.

"Mama ameanguka bafuni. Nyonga imevunjika. Daktari anasema kwa umri ule..." Hakumaliza.

Shangazi alizima mashine. "Ameangukaje?"

"Sijui, dada. Nilikuwa nimetoka. Nimemkuta chini, maji yanamwagika tu. Ni uzee, dada. Wewe usijilaumu."

Shangazi alichukua daftari rafuni, akatafuta ukurasa wa bibi. Aliusoma mara mbili. "Hapa pameandikwa hana shida yoyote," alisema taratibu. "Basi huenda ni uzee kweli. Pole sana, mdogo wangu. Nikifunga kazi nitakuja kumwona. Keshokutwa zahanati wanakuja kuchukua mzigo wao."

Chapuchapu alikuwa amesimama na ufagio mkononi. Ukutani iliegemezwa mikongojo thelathini na minane iliyokwisha kupakwa rangi. Alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayejua kamwe. Binti mwenyewe ameshasema ni uzee, na Shangazi ameshakubali. Lakini kila mkongojo pale ukutani ulikuwa unakwenda kwa mtu ambaye naye ana bafu lake.

"Shangazi, nilidanganya," alisema. "Sikukaa na bibi. Sikukaa na mtu yeyote. Watatu sikwenda kabisa. Na kwa bibi niliona kitambaa kwenye ncha, sikuuliza ni cha nini."

Binti wa bibi alimtazama kana kwamba hamfahamu, kisha akaangua kilio. Shangazi hakufoka wala hakuinua mkono. Alivua glavu, akaziweka mezani.

"Vaa viatu," alisema. "Twende hospitali."

Bibi alikuwa amelala chali, uso umemsinyaa kwa maumivu. Shangazi alimpa pole, kisha akamsukuma Chapuchapu mbele aulize mwenyewe.

"Bibi, kwa nini hukuniambia kwamba mkongojo una kasoro?"

"Mjukuu wangu, uliniuliza kama ni mzuri. Nimepewa bure, niseme mbaya?" Bibi alipumzika kidogo ndipo akaendelea. "Ule mpira wa chini mgumu. Kwenye saruji iliyolowa unakimbia. Nikaufunga kitambaa, na leo kitambaa kimefunguka. Ungekaa ukaniuliza naogaje, ningekueleza yote. Hukuniuliza naogaje."

Chapuchapu alilia sana, na kilio chake hakikumsaidia mtu.

Kesho yake Shangazi alikwenda zahanati kuomba muda zaidi. Alirudi ameinamisha kichwa, maana alikuwa hajawahi kuvunja ahadi ya kazi. Tangu siku hiyo, kila alasiri alikaa na Chapuchapu katika nyumba za watu. Mlinzi mstaafu alimtambua mara moja kwa sauti.

"Kumbe spika yangu ya dirishani ina miguu!" alisema, kisha akawaonyesha mkongojo wake. Alikuwa amevisha mpini soksi kwa sababu ulimchubua kiganja. Muuza nyanya, mmoja wa wale watatu ambao Chapuchapu hakuwafikia, alikuwa ameufupisha wake kwa msumeno wa jirani. Hakuna hata mmoja aliyeutumia mkongojo kama ulivyotoka karakana, na hakuna aliyekuwa amelalamika.

Shangazi aliing'oa mipira yote migumu, ile iliyokatwa kutoka matairi ya malori, akaanza kujaribu mingine iliyo laini na mipana. Alimwaga maji ya sabuni sakafuni, akamwagiza Chapuchapu aegemee kwa uzito wake wote. Aina tatu ziliteleza, na mara mbili Chapuchapu alianguka akachubuka magoti. Aina ya nne ilishika. Mikongojo arobaini ilitoka wiki tatu baada ya siku iliyoahidiwa, na miezi ilipita bila habari ya mtu kuanguka.

Bibi alirudi nyumbani, lakini hakurudi kwenye cherehani. Mguu haukuweza tena kukanyaga pedali, na cherehani ikafunikwa shuka. Kila Jumamosi Chapuchapu alikwenda kumfulia na kumtekea maji. Siku moja, mbele ya Shangazi, alipiga magoti akaomba msamaha.

"Nilishakusamehe zamani," bibi alijibu bila hasira. "Ila msamaha hauungi mfupa, mjukuu wangu."

Njiani Shangazi alisimama, akamgeukia.

"Nisikilize, mwanangu. Mimi nilikosea kutokwenda mwenyewe hata mara moja, na hilo nitalibeba. Lakini wewe uliandika maneno ya watu ambao hukuwasikia. Ukiandika uongo, kuna mtu atakuja kuukanyaga mahali usipomwona. Anayekitumia kitu ndiye anayekijua, na hatakwambia ukiwa umesimama mlangoni. Ingia, kaa, mtazame, msikilize, kisha uniletee ukweli hata kama utaniudhi. Ule ukweli uliousema karakana, kwa bibi ulichelewa. Kwa wale arobaini uliwahi. Yote mawili yakumbuke."